Ratiba ya Shule na Ratiba ya Maji

Mwalimu ukipangiwa shule ya pwani ya Mtwara, kabla hujaulizia chaki wala vitabu, jifunze bamvua, yaani siku bahari inapojaa sana na kupwa sana. Mimi ni mtu wa bara. Nimezaliwa Masasi, nikakulia kwenye mikorosho na vilima vya mawe, na kazi ya ualimu niliianzia Newala juu ya uwanda wa Makonde. Nilipohamishiwa shule ya msingi kwenye kijiji cha wavuvi, upande wa Mikindani, nilifika na masomo yangu ya udongo, mvua na wadudu wa mikorosho. Wanafunzi walinisikiliza kwa adabu. Lakini kila baada ya wiki mbili hivi darasa la sita lilipukutika, hasa wasichana, kisha baada ya siku nne au tano likajaa tena.

Ofisini jambo hilo liliitwa utoro. Wazazi waliitwa, majina yakasomwa mstarini asubuhi, watoto wakaahidi mbele ya kila mtu, na wiki mbili baadaye wakapotea upya. Siku moja nilichukua rejista za miezi iliyopita nikaziweka mezani pamoja na kalenda ya ukutani, ile yenye alama za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku za utoro zilikuwa zimejikusanya palepale kwenye alama. Mwezi ukiandama, hawapo. Mwezi ukipevuka, hawapo. Katikati ya hapo, madawati yamejaa.

Kwa mtu aliyezaliwa pwani hilo si fumbo. Jua, dunia na mwezi vinapokaa kwenye mstari mmoja, nguvu ya jua na ya mwezi huvuta bahari kwa pamoja. Maji hujaa sana na hupwa sana, na kwenye pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa wakati huo hupita mita 3. Hiyo ndiyo bamvua. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, bahari inasogea kidogo tu na miamba ya nje haionekani. Na kuna jambo jingine ambalo sijaliona likiandikwa kwenye kitabu chochote cha shule: huku kwetu, siku za bamvua maji hufika mwisho wa kupwa majira ya saa nne asubuhi. Saa nne, katikati kabisa ya vipindi. Huo ndio wakati akina mama wanaposhuka kutafuta pweza na chaza au kutanda dagaa kwa vitambaa, na binti wa miaka kumi na miwili ana mikono inayohitajika. Kilichopatikana asubuhi moja ya bamvua kinaweza kununua daftari, sabuni na mafuta ya kula. Shule ilikuwa inashindana na mwezi, na wazazi hawakuwa na namna ya kuuahirisha.

Sikutaka kulitangaza hilo mimi. Niliwapa wanafunzi karatasi za manila, rejista zikiwa zimefichwa majina, na fimbo ndefu tuliyoitia alama kila sentimita 10 na kuisimika kando ya mikoko. Walisoma kimo cha maji kwa zamu, wakachora mstari wa maji, na juu yake mstari wa mahudhurio. Maji yakipwa sana, mstari wa mahudhurio nao unashuka. Msichana ambaye jina lake lilikuwa likisomwa mstarini mara kwa mara alisimama mbele ya ubao akaweka kidole kwenye bonde la chini kabisa.

"Hapa tulifika mpaka mwamba wa nje," akasema. "Leo yake maji yalipwa saa nne. Kesho yake saa tano kasoro dakika kumi. Keshokutwa saa tano na dakika arobaini."

Nilimuuliza kajuaje. Akasema mama yake humwambia kila siku maji yanachelewa kuliko jana. Darasa likapiga hesabu ya uchelewaji huo, likapata dakika 50, na tukatumia kipindi kizima kuuliza kwa nini. Mwezi unaizunguka dunia. Dunia ikimaliza mzunguko wake wa siku moja, mwezi umeshasogea mbele, na inabidi dunia iufukuze kidogo. Sijawahi kufundisha somo hilo likaeleweka haraka namna ile, na aliyelileta alikuwa ni yule tuliyemwita mtoro.

Mwalimu mkuu hakukubali siku ileile, na sababu zake zilikuwa za haki: mtihani, wakaguzi, na zaidi ya yote, mtoto akizama nani atajibu? Tulikaa na kamati ya shule tukafika mahali. Siku za bamvua, darasa la tano na la sita huanza vipindi mapema asubuhi, saa tatu wanashuka ufukweni na walimu wawili pamoja na wazazi waliojitolea, na saa sita wamerudi. Sayansi, jiografia na hisabati za siku hiyo zinafanyika huko. Kila mtoto ana ridhaa ya mzazi iliyoandikwa, kila mtoto ana viatu, hakuna anayeingia maji yapitayo magoti, na filimbi ikilia maji yanarudi, kwa hiyo na sisi tunarudi. Naomba mwalimu yeyote atakayeiga jambo hili asiruke hata sharti moja katika hayo.

Mwalimu wetu wa kwanza ufukweni alikuwa bibi wa mmoja wa wanafunzi. Watoto walimwamkia, akaitikia, akawapanga mstari nyuma yake ili wasikanyage ovyo. Alisimama kwenye jiwe ambalo mimi nililiona sawa na mawe mengine yote.

"Wajukuu zangu, tazameni mlangoni," akasema.

Mbele ya tundu dogo palikuwa na makombe matupu na gamba la kaa lililovunjwa. Pweza akila hutupa mabaki nje ya nyumba yake, na mabaki hayo ndiyo humtoa siri. Bibi akawauliza kama nyumba ina mtu au imehamwa. Watoto wakainama. Jirani palikuwa na tundu lenye makombe pia, ila yale yalikuwa yameota ukijani na kujaa mchanga. Haya yalikuwa meupe, safi kwa ndani. Mtoto mmoja aliokota moja akalinusa, akasema, "Yumo." Bibi akaingiza kipande cha nondo taratibu, akisubiri, bila kuchokoa kwa pupa, na pweza akatoka akibadilika rangi kutoka kahawia hadi karibu nyeupe. Nilikuwa na mpango wa kueleza ubaoni maana ya uchunguzi, dhana na uthibitisho. Niliuacha.

Tulipompima yule pweza mzani ulisoma chini ya nusu kilo. Kanuni za uvuvi nchini haziruhusu pweza wa chini ya gramu 500, na watoto walilijua hilo kwa sababu tulishalisoma. Kukawa kimya. Bibi hakukasirika. Alisema tu, "Nikimwacha mimi, atachukuliwa na anayekuja nyuma yangu."

Tulirudi darasani na sentensi hiyo, na naamini ndiyo iliyonisaidia kuliko mafunzo yote niliyopata ya elimu ya mazingira. Bibi hakuwa mjinga wala mharibifu. Alikuwa amepiga hesabu sahihi kwa mtu aliye peke yake. Watoto wakaanza kuuliza itakuwaje kama wote wataacha kwa pamoja, na hapo biolojia ya pweza ikawa na kazi. Pweza wa miambani haishi muda mrefu, kama mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu, huyalinda mayai bila kula, kisha hufa. Lakini anakua kwa kasi kubwa, kwa hiyo mwamba ukipumzishwa miezi michache tu, uzito wa mavuno unapanda sana. Songosongo, kule Kilwa, wavuvi wamewahi kufunga baadhi ya miamba kwa makubaliano na kuifungua kwa siku maalumu. Watoto walitaka kujua nani alilinda, nani alikataa, na wasio na mtumbwi walikula nini mwamba ulipofungwa. Maswali hayo ni bora kuliko ya kitabu, na wanayauliza kwa sababu mama zao wamo ndani yake.

Kupima mavuno ya akina mama kulileta jambo jingine. Mama mmoja alifunika ndoo yake kwa kanga akauliza, "Mwalimu, mnatuandikia serikali?" Hofu hiyo nilielewa inatoka wapi. Tangu siku hiyo daftari letu halina jina la mtu yeyote. Lina tarehe, hali ya maji, eneo, na uzito. Linakaa shuleni, na kila mwisho wa muhula watoto huwasomea akina mama matokeo chini ya mwembe. Ukikusanya taarifa za watu na usiwarudishie, usitegemee mlango kufunguka mara ya pili.

Mikoko ilitufundisha kwa njia ya uchungu zaidi. Vitabu vya shule huandika "mikoko" ikaishia hapo. Watoto wa kijiji wanaijua kwa majina: mlilana unaotangulia mbele baharini, mkoko wenye mizizi ya matao, mkandaa, msinzi, mkomafi wenye tunda kubwa la mviringo, mchu unaostahimili chumvi nyingi huko nyuma. Fundi wa mitumbwi aliwaonyesha kwamba mataruma, zile mbavu za mtumbwi, yanatakiwa mlilana, na boriti za nyumba ni za mkoko. Kabla sijafika, wageni walikuja na mabango na fulana, wakapanda miche ya mkoko kwenye tope tupu mbele ya kijiji, wakapiga picha wakaondoka. Nilikuta vijiti vikavu.

Tulikwenda na fimbo yetu ya kupimia. Pale ilipopandwa miche, maji yalikaa muda mrefu mno kila siku. Mche mchanga wa mkoko unahitaji kupumua, na ukifunikwa saa nyingi kuliko unavyovumilia, unakufa hata kama tope lenyewe ni zuri. Kila aina ina kimo chake cha maji. Basi tulipanda michache, kwenye mapengo ambamo zamani mikoko ilisimama ikakatwa, na si mahali palipoonekana pazuri kwa picha. Kila mche una mtoto anayeuandika: kimo, idadi ya majani, kaa waliokula, makome yaliyong'ang'ania. Mingi imeshavuka mwaka. Nasema wazi kwamba siku ya kupanda miti isiyo na daftari la mwaka unaofuata haimfundishi mtoto sayansi wala haimpi mti.

Kuna mambo ya ufukweni yasiyosemwa kwa sauti, na uvuvi wa baruti ni mojawapo. Pwani ya kusini imeumizwa nayo kwa miongo mingi, hata baada ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma kuanzishwa mwaka 2000. Darasani nina sheria moja: hatuulizi nani. Mtoto anayeweza kuwa na kaka au mjomba kwenye kazi hiyo asifanywe shahidi na mwalimu wake. Tunauliza nini kinatokea. Tulinunua samaki aina ya changu sokoni, tukampasua, wakaona kibofu cha hewa kinachomsaidia kuelea. Mshindo wa baruti hukipasua, na samaki wengi waliokufa huzama chini badala ya kuelea. Mvulana mmoja aliyekuwa amenyamaza mwezi mzima akasema, "Ndiyo maana wanaookotwa ni wachache." Sikumuuliza kajuaje. Nikaendelea na matumbawe: yakivunjwa, vipande vyake hubiringishwa na mawimbi, na matumbawe machanga hayapati pa kushika, ndiyo maana mahali palipolipuliwa panaweza kubaki kifusi kwa miaka mingi.

Tabia hii ya kupima niliitoa Newala. Kule taabu kubwa ilikuwa maji. Mvua inanyesha msimu mzima, lakini udongo wa uwanda ule ni mchanga mwekundu unaoyanywa yote, na maji hutokea chini kabisa, kwenye chemchemi za mabondeni. Ukisimama Shimo la Mungu ukatazama chini kuelekea bonde la Ruvuma unaona kina ambacho bibi zetu walishuka na kupanda na mitungi kichwani. Tulikata chupa za plastiki, tukaziweka kokoto na simenti chini ili kitako kiwe sawa, tukabandika rula, tukawa na vipimamvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Paa la darasa la mita 10 kwa 8 likipata milimita 25, ambayo ni mvua ya kawaida tu ya msimu, zinashuka lita 2,000, yaani ndoo 100 za lita ishirini. Watoto walipeleka hesabu hiyo kwenye kikao cha wazazi. Mzee mmoja wa kamati alitaka irudiwe, akaifuatisha kwa vidole, kisha akauliza bei ya gata. Nilikuwa nimeomba gata muda mrefu kwa barua.

Kulekule Newala baba mmoja alinijia juu. Mwanawe alikuwa amemuuliza kwa nini anapulizia mikorosho salfa mchana, wakati upepo umeshaamka. "Mwalimu, mtoto anifundishe kazi yangu?" Nilimkaribisha kiti, nikamwomba aje mwenyewe awafundishe darasa zima kuhusu ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Alikuja. Akawaonyesha ungaunga mweupe kwenye maua machanga, akaeleza asubuhi za umande wa kipupwe ndizo ugonjwa unapopenda, na kwamba salfa inakinga ua lililo hai lakini hailifufui lililokufa. Kisha akasema mwenyewe kwamba alfajiri, umande ungalipo na upepo umetulia, unga unashika vizuri zaidi, ila mashine ni ya kuazima na zamu yake huangukia mchana. Sababu ilikuwepo. Mtoto alipata jibu la kisayansi, na mimi nikapata jibu la kimaisha ambalo wataalamu wa Naliendele, wanaofanya utafiti wa korosho hapa Mtwara, naamini wamekutana nalo mara nyingi.

Kipimamvua nilikuja nacho pwani. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, Mtwara nzima ilitahadharishwa na watu wa ufukweni wakaambiwa wasogee maeneo ya juu. Tarehe 25 kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, na kesho yake nikasikia watu wakisema tulitishwa bure. Tulichora njia yake kwenye ramani kwa latitudo na longitudo, na watoto wenye ndugu ng'ambo ya Ruvuma waliona jinsi umbali ulivyokuwa mdogo. Wazee wa Lindi wanasimulia kimbunga cha Aprili 1952 kilichoupiga mji wao, kwa hiyo jambo hili si geni wala la kuambiwa tu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara ya Dar es Salaam kule Kilwa, watoto walikuwa wakisoma chupa zao bila kuambiwa.

Nisiache Tendaguru. Nimekutana na watoto wengi wa kusini wanaoamini sayansi ni kitu kinachofika kwa meli. Kilima hicho kipo mkoa wa Lindi, na kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria iliyosafirishwa hadi Berlin, ambako mmoja wao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Waliochimba na kuibeba vichwani hadi bandari ya Lindi walikuwa mamia ya watu wa huku, chini ya msimamizi aliyeitwa Boheti bin Amrani. Tulipima kamba ya mita 13 tukailaza uwanjani, watoto wakalala kando yake mmoja baada ya mwingine hadi ikaisha. Ninalisema jina la Boheti kila mwaka, na ninawataka walijue kama wanavyojua majina mengine ya vitabuni.

Walimu vijana huniuliza kuhusu mtihani. Najibu kwamba silabasi inakamilika, kwa sababu mtoto aliyepima maji hahitaji vipindi vitatu kuelezwa grafu, na mtaala ulioanza kutumika 2024 wenyewe unadai umahiri wa kutenda. Shamba la shule ndilo ninalolisikitikia zaidi. Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba liwe sehemu ya kujifunza, na bado ziko shule ambako limebaki jembe na adhabu, bila hata mtoto mmoja anayejua mavuno yalikuwa kilo ngapi kwa mstari.

Siku za bamvua sasa rejista zetu zimejaa. Muhula huu tumepeleka ombi kwa kamati ya BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi: mwamba mmoja mdogo ufungwe kwa miezi michache, na darasa la sita lipime kabla na baada. Vijana wa mitumbwi hawajaafikiana nani atalinda usiku. Yule bibi anaunga mkono, kwa sharti kwamba wasio na chombo waingie kwanza siku ya kufungua. Na yule mama aliyefunika ndoo kwa kanga amesema hatapiga kura mpaka watoto wamsomee uzito wa kila mwezi tangu walipoanza kupima.